Tamaa na Raha si Kitu Kimoja

Mvutaji wa sigara wa miaka mingi, akiulizwa kama bado aona raha katika kuvuta, mara nyingi hujibu kwamba raha hiyo ilikwisha zamani. Hata hivyo mkono wake hauachi kutafuta kiberiti. Yawezekanaje mtu kutaka kwa nguvu namna hiyo kitu kisichomfurahisha?

Epicurus, mwanafalsafa wa Kiyunani aliyefungua chuo chake katika bustani mjini Athens yapata mwaka 306 K.K., angelielewa swali hili. Wengi humdhania kuwa mwalimu wa ulafi, na huko ni kumsingizia: imesimuliwa kwamba alizoea kula mkate na maji, na alipotaka kufanya karamu alimwomba rafiki amletee jibini kidogo. Kwake yeye raha ilikuwa mwili usio na maumivu na moyo usio na wasiwasi. Njaa hukoma mtu akishiba. Bali tamaa ya sifa na utajiri, alifundisha, haina kikomo, na humo ndimo yazaliwamo mateso mengi.

Sayansi ilichelewa kutenganisha mambo haya mawili. Mwaka 1954, huko Montreal, Kanada, James Olds na Peter Milner walipachika waya mwembamba ndani ya ubongo wa panya. Panya alipobonyeza wenzo, umeme kidogo ulipita katika ubongo wake. Baadhi yao walibonyeza mamia ya mara kwa saa moja. Ikasemwa kwamba kitovu cha raha kimepatikana, na baadaye dopamini, kemikali ipitishayo habari kati ya neva, ikaitwa kemikali ya raha.

Mwaka 1989 Kent Berridge na wenzake wa Marekani walilipima dai hilo. Waliharibu neva zitoazo dopamini katika ubongo wa panya. Wanyama hao hawakujali tena chakula. Wangekufa njaa kando yake kama wasingelishwa kwa mpira uliofika tumboni. Lakini walipotiwa maji ya sukari mdomoni, walijilamba vilevile kama panya wazima. Raha ilikuwamo; kilichotoweka ni tamaa.

Panya si binadamu, naam. Lakini mwaka 1993 Berridge na Terry Robinson walitoa nadharia kwamba dawa za kulevya, zikitumiwa mara kwa mara, hunoa neva za kutaka, wala hazinoi zile za kufurahi. Ikiwa ni hivyo, kumwambia mraibu kwamba apenda mno starehe ni kumkosea mara mbili: starehe hana, na tamaa yake haizimiki kwa kukemewa. Hapa hata Epicurus apungukiwa kidogo, kwani alitumaini kwamba akili ikishatambua tamaa ipi ni ya bure, moyo utatulia. Tamaa iliyonolewa huamshwa na vitu vidogo: harufu ya moshi, mlio wa kijiti cha kiberiti, baraza alipozoea kukaa na wenzake. Mtu aliyeacha sigara zamani aweza kushikwa na uchu ghafula mahali kama hapo, hata kama hakumbuki utamu wowote wa sigara.