TUWAPUNGUZE WADUDU WA FREZI BILA SUMU



Wengi wanauliza mbona frezi za bustani zinaliwa na wadudu kabla hatujazichuma. Wengine wanajibu kwamba dawa iko sokoni, tununue, tupulizie, kazi imekwisha. Tunaomba tufikiri kwanza. Frezi haimenywi wala haipikwi. Kile tunachopulizia juu yake leo, kesho kiko kinywani mwa mtoto. Tena dawa inayogawanywa katika vichupa bila karatasi ya maelezo, nani anajua kipimo chake?

Kwa nini wadudu ni wengi kwetu? Butembo iko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, na baridi hiyo inafaa frezi kuliko joto la Beni, nchi ya kakao na mawese. Lakini mstari wa ikweta unapita kati ya Butembo na Lubero. Huko Ulaya baridi kali inapunguza wadudu kila mwaka. Kwetu wanazaa miezi yote 12. Basi hatuwezi kuwamaliza mara moja. Tunawapunguza kila juma. Njia ni hizi:

1. Konokono wasio na nyumba. Hao ni wa wakati wa mvua, wanakula usiku. Tulaze kipande cha ubao kati ya mistari. Asubuhi tukiinue, tutawakuta chini yake, tuwaokote. Majivu yanawazuia yakiwa makavu tu. Mvua ikinyesha, tumwage mengine. Watu wengine wanawatega kwa kasiksi ndani ya kisahani. Kwa shule yetu kasiksi hapana! Maji yenye sukari na chachu ya mkate yanafanya kazi ile ile, kwani konokono anafuata harufu ya kitu kinachochacha.

2. Vidukari, wale wadogo wanaojaa chini ya majani na kunyonya maji yake. Tukwangue sabuni ya kipande, kijiko kimoja kwa lita moja ya maji, tupulizie jioni. Sabuni inaua mdudu iliyemgusa tu, kwa hiyo tupindue majani. Unga wa kufulia tuuache, unachoma mmea. Yule mdudu mwekundu mwenye madoa meusi msimuue: yeye na watoto wake wanakula vidukari.

3. Utitiri mwekundu. Huyu anapenda kiangazi na vumbi. Majani yakianza kuwa na vidoa vya njano, tuyanyunyizie maji kwa upande wa chini.

4. Kuoza. Ukungu wa kijivu unapita kutoka tunda moja hadi lingine. Tuache sentimeta 30 kati ya miche, tutandike majani makavu chini ya matunda, na kila lililooza tulitoe nje ya bustani. Tena tusipande frezi mahali palipotoka viazi au nyanya, maana wanashiriki ugonjwa wa kunyauka unaokaa udongoni.

Sasa neno moja la kuangalia sana. Si kila kinachotoka kwenye mmea ni salama. Maji ya tumbaku yana nikotini, nayo ni sumu kali kwa mtu pia. Pareto, ua jeupe la milima yetu ya Kivu, jua linavunja nguvu yake upesi, lakini inaua nyuki vilevile. Na ua la frezi lisilotembelewa vizuri na nyuki linatoa tunda lililopinda. Anayepulizia mchana wakati wa maua anajiibia mwenyewe.

Kwa nini tunasema haya yote? Tangu 2014 mauaji ya eneo la Beni yamekimbiza familia nyingi hadi Butembo, na wengi wanaishi katika parseli ndogo. Frezi haiombi shamba kubwa: beseni ya zamani iliyotobolewa chini inatosha. Kikapu kikiuzwa, madaftari yanapatikana. Lakini mnunuzi akiugua juu ya sumu, hatarudi, na tutakuwa tumemdhuru jirani.

Basi kila kikundi kishike zamu yake: kupindua majani, kuinua mbao, kutoa yaliyooza. Dakika 20 kwa siku zinatosha. Sisi wa mwaka wa mwisho tunaondoka. Bustani inabaki mikononi mwenu.