Fahamu uhusiano wa chembe ndogo za plastiki na afya ya moyo

Na Mwandishi Wetu

Mfuko wa plastiki unaotupwa kando ya machimbo ya dhahabu Geita au sokoni Shinyanga hauozi. Jua, upepo na maji huuvunjavunja hadi kuwa chembe ndogo, nyingine zisizoonekana kwa macho. Chembe zisizozidi milimita 5 zimebainika katika maji, vyakula na mwili wa binadamu, na sasa wanasayansi wanachunguza athari zake kwa moyo na mishipa ya damu.

Suala hili linawagusa wakazi wa Kanda ya Ziwa. Mkoa wa Geita unapakana na Ziwa Victoria, na miji ya Kahama na Shinyanga hupata maji ya ziwa hilo kupitia bomba kutoka Ihelele, wilayani Misungwi. Maji hayo husafishwa kabla ya kusambazwa, hatua inayopunguza chembe hizo. Aidha, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulithibitisha kuwepo kwa plastiki katika matumbo ya asilimia 20 ya sangara na sato waliochunguzwa kutoka Mwanza. Kutoa utumbo kabla ya kupika hupunguza chembe zinazofika mezani.

Kuhusu moyo, utafiti wa Italia uliochapishwa Machi 2024 katika jarida la New England Journal of Medicine ulichunguza mafuta yaliyoganda katika mishipa ya shingo ya wagonjwa waliofanyiwa upasuaji. Kati ya wagonjwa 257 waliofuatiliwa kwa takribani miezi 34, 150 walikutwa na chembe za plastiki. Hatari yao ya kupata shambulio la moyo, kiharusi au kufariki dunia ilikuwa zaidi ya mara nne ya wasiokuwa nazo. Inadhaniwa kuwa chembe hizo huchochea uvimbe katika kuta za mishipa. Hata hivyo, utafiti huo ulionesha uhusiano tu. Haukuthibitisha kuwa plastiki ndiyo chanzo.

Wananchi wanashauriwa kuepuka kuweka chakula cha moto katika plastiki, kutotupa wala kuchoma taka hizo ovyo, na kuzingatia katazo la mifuko ya plastiki lililoanza Juni 1, 2019.

Muhimu zaidi, shinikizo la juu la damu, kisukari, tumbaku na chumvi nyingi ni vihatarishi vilivyokwisha kuthibitishwa. Kupima shinikizo la damu mara kwa mara katika kituo cha afya kilicho karibu ni kinga isiyohitaji kusubiri utafiti mwingine.