Mitokondria katika saratani ya umio

Saratani ya umio, mrija unaoteremsha chakula kutoka kooni hadi tumboni, imeenea Bomet na Kericho, nchini Kenya, kuliko sehemu nyingi duniani. Katika Hospitali ya Tenwek, Bomet, wameonekana hata wagonjwa wasiofikisha miaka 30. Kinachoanza kukataa kupita ni ugali, kisha uji, mwishowe mate. Hapo mgonjwa huwekewa mrija wa waya unaotanuka ili njia ifunguke.

Vinavyoshukiwa ni vingi, miongoni mwavyo chai ya moto mno na mursik, maziwa yanayogandishwa katika kibuyu kilichopakwa mkaa. Hakuna kilichothibitishwa kuwa ndicho chanzo. Hata hivyo, mursik iliyopimwa imekutwa na asetaldehidi, sumu inayoharibu DNA, na kimeng'enya kinachoivunja, ALDH2, hufanya kazi ndani ya mitokondria.

Mitokondria ndizo hutumia oksijeni kuipatia seli nishati, na zina DNA yake zenyewe, yenye jeni 37 tu. Miaka ya 1920 Mjerumani Otto Warburg aliona seli za saratani zikila sukari kwa pupa na kutoa asidi ya laktiki hata penye oksijeni ya kutosha, akahitimisha kuwa mitokondria zake ni mbovu. Dhana hiyo ilidumu mno. Lakini katika panya, seli za saratani zilizonyimwa DNA ya mitokondria hukawia kukuza uvimbe mpaka zijipatie mitokondria za seli jirani.

Basi seli ya saratani huzitunza. Iliyochoka kidogo huunganishwa na nzima. Iliyoharibika hukatwa na kutengwa. Protini iitwayo PINK1 kwa kawaida huingizwa ndani ya mitokondria, ikakatwa humo, kisha ikateketezwa. Utando wa mitokondria ukipoteza chaji yake ya umeme, PINK1 hurundikana nje na kuiita protini nyingine, Parkin, ambayo huibandika mitokondria hiyo alama ya kutupwa. Kisha hufungwa katika kifuko na kusagwa kwenye lisosomu, sehemu ya seli inayosaga taka. Maabara imeonyesha kuwa baadhi ya seli sugu za saratani ya umio hunusurika kwa usafi huu.

Klorokwini, ile dawa chungu ya malaria ambayo wazee wanaikumbuka kwa kuwasha mwili, huzuia lisosomu kusaga, hivyo huenda ikazinyima seli za saratani usafi huo. Ndugu yake, haidroksiklorokwini, imejaribiwa pamoja na dawa za saratani mbalimbali, lakini mafanikio hayajawa makubwa. Ugumu mmoja ni kwamba seli nzima za umio nazo hutegemea usagaji huohuo kujiokoa na asetaldehidi.