Gari Hufunguliwa Mbele ya Mwenyewe: Desturi za Ukarabati wa Magari Makuukuu Migori na Homa Bay

Katika kaunti za Migori na Homa Bay, zilizo kusini-magharibi mwa Kenya kando ya Ziwa Viktoria, gari kuukuu la kuvukia matope, yaani lile ambalo injini yake huweza kusukuma magurudumu yote manne kwa pamoja, ni mali ya mtu mmoja kwenye kitabu cha usajili lakini ni tegemeo la watu wengi kijijini. Ndilo huitwa usiku mama anapopatwa na uchungu wa kuzaa, ndilo hupandisha magunia ya omena kutoka ufuoni, na ndilo hurudisha maiti nyumbani. Na jambo hili la mwisho ndilo zito kuliko yote, kwa kuwa Wajaluo, ambao ndio wengi katika kaunti hizo mbili, hushikilia kwamba mtu mzima azikwe kwenye dala, yaani boma lake au la baba yake, hata akiwa amefia Mombasa. Nguvu ya desturi hiyo ilidhihirika nchini kote wakati wa kesi ya mazishi ya wakili S. M. Otieno, ambayo Mahakama ya Rufaa iliiamua Mei 1987 kwa kuupa haki ukoo wake wa Umira Kager, naye akazikwa Nyalgunga, Siaya.

Ardhi nayo ina sauti yake. Barabara kuu itokayo Kisumu hupita Rongo na Awendo ikafika Migori na kuishia mpakani Isebania, na nyingine hutoka Rongo hadi Homa Bay na kuendelea Mbita. Lakini mtu akiiacha lami, hasa Nyatike, Ndhiwa na katika bonde la Lambwe ilipo Mbuga ya Kitaifa ya Ruma, hukutana na udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao huvimba na kuteleza unaponyeshewa, kisha hupasuka nyufa pana unapokauka. Katika masika, kati ya Machi na Mei, udongo huo hujaa kwenye magurudumu mpaka gari dogo likashindwa hata kugeuka.

Umri wa magari haya si ishara ya umaskini tu, kama wapita njia wanavyodhani. Land Rover, iliyoanza kuuzwa 1948, ilipewa bodi ya aluminiamu kwa sababu Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Kwa hiyo bodi haishiki kutu, ilhali chesi, yaani fremu ya chuma inayobeba bodi na injini, huoza polepole na huhitaji kuchomelewa mara kwa mara. Magari hayo yaliwahi kuunganishwa Thika, katika kiwanda kilichoanzishwa 1974 kwa jina la Leyland Kenya, na ndiyo maana spea zake na ujuzi wake vilienea mapema. Land Cruiser nyingi za mfululizo wa 70, ulioanza 1984, zina sifa nyingine: injini ya dizeli iitwayo 1HZ, yenye silenda 6 na ujazo wa lita 4.2, hupokea mafuta kwa pampu isiyotegemea kompyuta, hivyo fundi huweza kuyatambua maradhi yake kwa sikio, kwa pua na kwa kiganja.

Desturi iliyo kuu katika ukarabati ni kwamba gari hufunguliwa mbele ya mwenyewe. Mwenye gari hufika asubuhi, akapewa kigoda chini ya mti au kivulini mwa mabati, na hapo hushinda akitazama kila nati inavyotolewa na kutiwa kwenye kopo. Fundi, ambaye huitwa kwa cheo hicho wala si kwa jina, humwonyesha kilichoharibika kabla ya kukigusa: bushi iliyolika, beringi yenye mchezo, sahani ya klachi iliyoungua. Spea mpya ikishafungwa, ile mbovu hurudishiwa mwenye gari mkononi, naye huipeleka nyumbani. Kurudisha huko ni stakabadhi isiyoandikwa, kwani huthibitisha kwamba kilicholipiwa kimebadilishwa kweli. Aidha, spea mbovu huwekwa akiba, maana beringi isiyofaa kwa safari ya Kisumu huenda ikasaidia kwa siku mbili gari likikwama Muhuru Bay. Bei ya leba, yaani malipo ya kazi ya mikono, hujadiliwa mbali na bei ya spea, na mzee hujadiliana kwa kuitwa jaduong', neno la heshima kwa mtu mzima, ilhali rika huitana omera, yaani ndugu.

Kushinda kivulini hivyo kumewafanya wenye magari wenyewe kuwa nusu mafundi. Walimu, wavuvi na wahubiri wengi hubadilisha oili, hupiga grisi na husafisha kichujio cha hewa nyumbani, wakisaidiwa na watoto. Somo la kwanza la mtoto ni habu za mbele, yaani vifuniko vilivyo katikati ya magurudumu, ambavyo huzungushwa kwa mkono ili magurudumu hayo yashikane na ekseli kabla ya kuingia matopeni. Gasketi, ambayo huziba mwanya kati ya vyuma viwili ili oili isivuje, hukatwa kutoka karatasi ngumu iliyowekwa juu ya chuma na kugongwa kingo zake taratibu kwa nyundo mpaka umbo likajichora lenyewe. Huo ni ujuzi wa kusifiwa. Haifai kusifiwa, hata hivyo, desturi ya kukunja bomba la breki la gurudumu linalovuja ili safari iendelee kwa breki tatu. Gari linalobeba waombolezaji 12 haliwezi kukabidhiwa werevu wa namna hiyo, na mafundi wenye kuheshimu kazi yao huikataa.

Marekebisho makubwa huanzia kwenye springi. Magari ya zamani hutumia springi za majani, yaani vyuma bapa vilivyopinda na kupangwa kimoja juu ya kingine, na mwenye kubeba samaki au mawe ya dhahabu kutoka machimbo ya Nyatike huongezewa jani moja au mawili, ingawa gari hupata kurukaruka likiwa tupu. Injini ya petroli ya Land Rover nayo mara nyingi hung'olewa ikawekwa ya dizeli ya Isuzu, Nissan au Toyota, kazi inayodai mihimili mipya kuchomelewa kwenye chesi na bamba la kuunganisha injini ngeni na giaboksi ya zamani. Mabadiliko hayo hupaswa kuarifiwa kwa msajili wa magari ili nambari mpya ya injini iingizwe kwenye kitabu, na asiyefanya hivyo husumbuka siku ya kuuza.

Mafunzo hupatikana kwa kukaa. Kijana huanza kwa kuosha vyuma kwa dizeli na kuleta spana anayotajiwa nambari, na baada ya miaka kadhaa huenda akafanya mtihani wa ufundi wa serikali unaosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda. Sekta hii, ambayo Wakenya huiita jua kali kwa sababu ya kufanyiwa kazi peupe, ilipata kutambuliwa na wasomi kupitia ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya ya 1972. Lakini heshima ya mfua chuma, aitwaye jatheth kwa Kijaluo, ni ya kale zaidi.

Mazishi mengi hufanyika Jumamosi, na mwili huletwa Ijumaa. Kwa hiyo Alhamisi ndiyo siku ya shughuli nyingi gerejini. Keria ya juu ya gari hukazwa bolti, springi hukaguliwa, na habu hujaribiwa kwa kuzungushwa mara mbili. Jumatatu gari hurudi, tope la Lambwe likiwa limekauka chini ya chesi, na mwenye gari hukaa tena kwenye kigoda kilekile, fundi akianza kulikwangua.