Kabla ya kuhesabu vyumba, tuhesabu watu

Nyumba aliyotuachia marehemu baba huku Majengo, Mombasa, imechoka. Kuta zina nyufa na mabati yameliwa na kutu. Tulipokutana ndugu wanne kuzungumzia kuijenga upya, fundi alikuwa na ramani tayari: chini na orofa moja, vyumba 12 vya kipimo kimoja, ngazi katikati. Kwa hesabu ya kodi ilipendeza. Dada yetu akauliza swali moja tu: "Na mama je, atakaa wapi?"

Tukanyamaza. Mama ana magoti mabovu, ngazi haziwezi. Dada mwenyewe ni mjane mwenye watoto watatu, mkubwa wao msichana aliyekwisha baleghe. Wapangaji wetu ni vijana wawili wa kazi za zamu bandarini, na mtu na mkewe wenye mtoto mchanga. Wote wako chini ya paa moja, lakini haja zao ni mbalimbali. Ramani ile iliwafaa wale vijana peke yao.

Ajabu ni kwamba nyumba tunayotaka kuibomoa ilishajibu sehemu kubwa ya swali la dada. Nyumba ya Kiswahili ya mjini ina baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba pande mbili, mara nyingi vitatu kila upande, na ua nyuma wenye jiko na choo. Familia ikikua huongeza chumba cha pili. Watoto wakioa na kuhama, chumba hupangishwa. Mgeni wa kiume huishia barazani, na wanawake wana nafasi yao uani. Lamu nako, kwenye nyumba za mawe, ilikuwa desturi binti akiolewa ajengewe orofa juu ya wazazi wake, au nyumba jirani iliyounganishwa na yao kwa wikio juu ya njia.

Kasoro zake pia nazijua, maana nimekulia humo. Choo kimoja kwa vyumba sita ni foleni kila alfajiri. Mita moja ya stima ni ugomvi kila mwezi. Anayerudi usiku wa manane hupita mbele ya milango ya watu.

Kwa hivyo tulimrudishia fundi ramani na maagizo haya. Chini, karibu na baraza, chumba cha mama chenye choo chake, mlango mpana na bila kidaraja. Kando yake vyumba vitatu vya dada, vyenye milango ya kati inayoweza kufungwa au kuzibwa siku za mbele. Vijana wa zamu wawe juu, ngazi yao ianzie nje. Kila mpangaji awe na mita yake, na choo kisitumiwe na zaidi ya familia mbili. Ua ubaki, kwa kuanika nguo, watoto kucheza, na siku za harusi na matanga.

Tumepata vyumba tisa badala ya 12. Kaka mkubwa alinung'unika, na hakukosea: kodi ya vyumba vitatu si pesa kidogo. Lakini mwenye familia akibanwa huhama, na chumba kitupu hakilipi.

Haya si ya nyumba yetu pekee. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makazi yanayofikika na ya kutosha. Mfanyakazi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, na mwajiri huongeza kiasi hicho hicho. Basi ndugu msomaji, ukiitwa kutoa maoni kuhusu nyumba mpya mtaani kwako, usiulize idadi peke yake. Uliza ngapi ziko chini kwa ajili ya wazee na walemavu. Uliza ngapi zina vyumba vitatu. Uliza watoto watacheza wapi, na siku ya msiba, maiti ataoshewa wapi. Ramani ikishapitishwa, ukuta hauhamishiki kwa maneno.