Malipo ya walezi wa watoto majumbani Kiunga: sheria inasema nini, na wazazi wafanye nini

Mashua za Kiunga hazifuati saa ya ofisi. Zinatoka na kurudi kwa maji na upepo, na kazi za pwani zinakwenda nazo: kuna anayepokea samaki na kuwapeleka sokoni, anayepika mahamri alfajiri, anayekwenda mwambani wakati wa bamvua. Mwenye mtoto mchanga hawezi kufanya kazi hizo na mtoto mgongoni siku nzima. Humwacha kwa jirani.

Jirani huyo ndiye anayezungumziwa hapa. Hana bango mlangoni. Ana mkeka, ndoo ya maji, sufuria ya uji na watoto wanne, watano au zaidi ambao si wake. Ukimuuliza mtu anafanya kazi gani, jibu la kawaida ni kwamba hafanyi kazi, anakaa tu na watoto. Neno hilo "tu" ndilo linalomgharimu, kwa kuwa kazi isiyohesabiwa kuwa kazi hulipwa kama shukrani: kinachopatikana, siku kinapopatikana.

Pengo analoliziba ni kubwa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mwanamke aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya miezi 3 yenye malipo kamili. Shule za chekechea za umma hupokea watoto wanapofikisha umri wa miaka 4. Baina ya miezi 3 na miaka 4 ni muda wa miaka 3 na miezi 9 ambao mzazi hujitafutia mwenyewe pa kumwacha mtoto. Muuza samaki hana hata hiyo miezi 3 ya kwanza.

Tufanye hesabu ya mfano. Mlezi ana watoto 5, kila mmoja analipiwa KSh 50 kwa siku, kwa siku 22 za mwezi. Jumla ni KSh 5,500. Unga wa uji, sukari, sabuni, makaa na maji tuviweke KSh 60 kwa siku, na hapo kwa kweli tumebana, maana Kiunga maji matamu si kitu cha kufungulia bomba tu na jabia likikauka bei hupanda. Gharama ni KSh 1,320. Zinabaki KSh 4,180. Akipokea watoto saa moja asubuhi na kuwarudisha saa kumi na moja jioni, amefanya kazi saa 10 kwa siku, saa 220 kwa mwezi. Kila saa imemletea shilingi 19.

Kisha kusi inaingia. Bahari inachafuka, wavuvi wengi hawatoki nje ya miamba, na pesa mjini zinapungua. Wazazi wawili kati ya hao watano wakishindwa kulipa mwezi mzima, mlezi anapoteza KSh 2,200. Uji unaendelea kupikwa, kwani hakuna anayemnyima mtoto kwa sababu babake hakuvua. Zinabaki KSh 1,980, yaani shilingi 9 kwa saa. Hasara ya msimu wa mvuvi imehamia kwenye sufuria ya jirani, na hakuna aliyekaa kitako kuamua iwe hivyo.

Je, sheria haimlindi? Jibu linategemea anafanya kazi wapi na kwa nani, na hapa ndipo wengi huchanganya.

Mlezi anayekuja nyumbani kwako, ukampangia saa na kumlipa kwa mwezi, ni mwajiriwa wako. Amri ya mishahara ya serikali ya kitaifa inamtaja yaya wa watoto kwa jina, katika kundi moja na mfagiaji, mtunza bustani, mlinzi wa mchana na tarishi. Mwaka 2022 kima cha chini cha kundi hilo kilikuwa KSh 15,201.65 kwa mwezi katika miji mikubwa kama Nairobi na Mombasa, na KSh 8,109.90 katika maeneo yasiyo miji wala manispaa, ambamo Kiunga imo. Kuanzia Novemba 1, 2024 viwango viliongezwa asilimia 6, na hicho cha maeneo yetu kikafika takriban KSh 8,596, bila kuhesabu marupurupu ya nyumba. Ajira ikifika miezi 3, mkataba unatakiwa uwe wa maandishi. Anayemlipa yaya wake KSh 4,000 kwa hoja kwamba "huku ni Kiunga, si Nairobi" ajue kwamba tofauti ya Kiunga na Nairobi imeshatolewa ndani ya viwango hivyo.

Mlezi anayepokea watoto wa nyumba mbalimbali nyumbani kwake ni jambo jingine. Huyo amejiajiri, na kima cha chini hakimgusi. Mama wa hesabu yetu anabaki na chini ya nusu ya mshahara wa chini kabisa wa yaya, na hakuna mzazi hata mmoja aliyevunja amri ya mishahara. Kinga yake ni makubaliano. Yakiwa ya mdomo, kila mmoja atayakumbuka kwa namna yake.

Nusu ukurasa wa daftari unatosha. Yaandikwe majina, saa za kumleta na kumchukua mtoto, ada na siku ya kulipa. Yaandikwe nani analeta chakula na nepi, mzazi akichelewa anaongeza kiasi gani, na mtoto mwenye homa anabaki kwa nani. Saa za kazi zikifuata maji, yaani mtoto analetwa usiku wa manane bamvua ikifika, hilo pia liandikwe na lilipiwe zaidi. La msimu lisiachwe: mnaweza kukubaliana ada ipungue wakati wa kusi na bakaa ilipwe kaskazi, mradi tarakimu iko kwenye karatasi na pande zote mbili zimetia sahihi. Ada ikitumwa kwa M-Pesa, rekodi inabaki yenyewe.

Samaki nao wana mahali pao. Mzazi akileta fungu la samaki badala ya ada, si vibaya, ila bei yake iandikwe siku hiyo hiyo. Fungu la zawadi ni zawadi, wala halikatwi kwenye deni. Ugomvi mwingi wa majirani huanzia hapo.

Kuhusu heshima, Pwani ina mfano wake. Mwaka 1986 mpango wa shule za awali za madrasa ulianza Mombasa, Bi Swafiya Said akiwa miongoni mwa waasisi, kisha ukaenea Zanzibar na Uganda. Walimu wake wengi walikuwa wanawake wa mitaa ile ile, baadhi wakiwa na masomo machache tu. Walifundishwa jinsi ya kucheza na watoto, kuzungumza nao na kutengeneza vifaa kwa vitu vilivyo karibu, na waliendelea kutembelewa kazini. Mafunzo yaliwatoa kwenye daraja la jirani mwema na kuwapa jina la mwalimu. Mlezi wa Kiunga anayejua kumlaza mtoto salama, kumtambua aliyeishiwa maji mwilini na kumkinga na moto wa jiko ana ujuzi. Anayeujua ujuzi huo hambishii bei kama anayenunua kuni.

Walezi wenyewe wana nguvu zaidi wakiwa pamoja. Sheria ya Usajili wa Makundi ya Jamii ya mwaka 2022 inaruhusu watu wasiopungua 10 kusajili kundi kupitia afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo. Walezi wa Kiunga wasipotimia, wenzao wa Ishakani, Rubu na Mkokoni wako karibu. Kundi linaweza kupanga ada moja, ili mzazi asizunguke akitafuta anayekubali kidogo zaidi, na linaweza kuomba mikopo ya Hazina ya Wanawake au Uwezo. Mlezi mmoja mmoja anaweza pia kujisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), ambako mchango wa chini ni KSh 300 kwa mwezi, na kuweka akiba ya uzeeni kupitia mpango wa Haba Haba wa NSSF.

Kaunti haiwezi kusimama kando. Jedwali la Nne la Katiba, sehemu ya pili, limezipa kaunti elimu ya chekechea, na katika aya hiyo hiyo limetaja vituo vya kulelea watoto. Chekechea zimezoeleka katika bajeti, na wakaazi huziulizia. Malezi ya walio chini ya miaka 4 hayaulizwi sana vikaoni, labda kwa sababu wanaoyahitaji zaidi huwa kazini saa za kikao. Mpango wa maendeleo wa kila mwaka hutakiwa kufikishwa katika Bunge la Kaunti kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Maoni ya wakaazi huchukuliwa kabla ya tarehe hizo, kwa mdomo au kwa maandishi. Mafunzo ya walezi, tangi la maji au mikeka na vyandarua kwa nyumba zinazopokea watoto ni maombi yanayoweza kuandikwa kwa jina la Wadi ya Kiunga, na asiyeweza kuhudhuria anaweza kumpa mwenzake barua aiwasilishe.