Nguo za Mtoto na Siku ya Kufua

Wasikilizaji na wasomaji wetu, leo twapenda kusema nanyi habari ya kazi ifanywayo katika kila nyumba, nayo ni kazi ya kufua, hasa kufua nguo za watoto wadogo. Labda mtu atacheka na kusema, “Je, kufua nako kwahitaji kufundishwa?” Twamwomba mtu huyo atuvumilie kidogo, kwa maana ndani ya beseni la nguo mna habari ya uzima na ya mauti.

Tutatoa mfano wetu katika nchi ya Mawengi, iliyo katika milima ya Wilaya ya Ludewa, Mkoa wa Njombe, nchi ya Wapangwa, upande wa mashariki wa Ziwa Nyasa. Ni nchi ya baridi. Miezi ya Juni na Julai ukungu huweza kulala mabondeni mpaka jua limepanda. Na tangu mwisho wa mwaka hata Aprili huwa ni majira ya mvua. Mtu wa pwani akifua asubuhi huanua adhuhuri. Mtu wa Mawengi, au wa Njombe, huweza kuanika leo akaanua kesho kutwa, na nguo zingali na unyevu. Wenzetu wa Makambako wana upepo wa kuwasaidia, lakini nao wakati wa mvua hupata taabu ile ile.

Sasa tuitazame nyumba moja ya Kikristo siku ya Jumamosi. Nyumba hii si ya fulani, ni mfano tu. Kesho ni Jumapili, nayo jamaa nzima itakwenda kusali. Mama amechota maji, ana kipande cha sabuni ya mche, na mbele yake pana lundo la nguo. Hushika nini kwanza? Hushika shati jeupe la baba, gauni la binti, na kitenge chake cha kuendea kanisani. Hivyo huvifua kwa maji safi na sabuni nyingi. Kisha, maji yakiisha kuwa meusi na sabuni ikiisha kuwa kidogo kama ukucha, ndipo hutia nepi za mtoto, mbeleko, na shuka za kitanda cha watoto. Husema moyoni, “Hizi haidhuru, hakuna azionaye.”

Hapo ndipo penye kosa, wasikilizaji. Kuna usafi wa kuonekana na usafi usioonekana. Shati jeupe la Jumapili ni jema, nalo ni heshima kwa Mungu na kwa jirani. Lakini shati chafu haliui mtu. Nepi isiyofuliwa sawasawa yaweza kuua.

Sababu yake ni hii. Watu wengi hudhani ya kuwa mavi ya mtoto mchanga hayana madhara, kwa kuwa mtoto hanyonyi ila maziwa ya mama. Sivyo hata kidogo. Mavi ya mtoto huwa na vijidudu vya kuharisha kama ya mtu mzima, na mara nyingine huwa navyo zaidi. Vijidudu hivi havionekani kwa macho. Mama akifua nepi katika beseni, kisha akaoshea vikombe vya uji katika beseni lilo hilo, au akafuta mikono kwa kanga yake na kumlisha mtoto wa pili, vijidudu vimekwisha pata njia. Hata leo kuharisha ni miongoni mwa maradhi yanayoua watoto wengi wa chini ya miaka 5 duniani.

Habari ya mikono yatukumbusha daktari mmoja wa zamani, jina lake Ignaz Semmelweis. Mwaka 1847 alikuwa akifanya kazi katika hospitali ya wazazi mjini Vienna, katika nchi ya Austria. Aliona akina mama wengi wakifa baada ya kujifungua, katika wodi iliyohudumiwa na madaktari na wanafunzi waliotoka kupasua maiti. Akaamuru kila mtu anawe mikono kwa maji yenye dawa ya klorini kabla ya kumgusa mzazi. Mwezi wa Aprili mwaka ule walikufa akina mama kama 18 katika kila 100. Kabla ya miezi mitatu kupita, wafao walikuwa kama 2 tu katika 100. Lakini madaktari wengi wa zamani zake walimkataa, kwa sababu hawakupenda kuambiwa ya kuwa mikono yao ilileta mauti. Na sisi tusikasirike tukiambiwa habari ya mikono yetu.

Tena, Kanisa lenyewe latupa mfano. Vitambaa vya altare, kama kile anachofutia padre kikombe, havichanganywi na nguo nyingine. Husuuzwa kwanza peke yake, na maji yale ya kwanza hayatupwi ovyo, bali humwagwa ardhini mahali pa heshima. Sababu ya desturi ile ni heshima ya Sakramenti, wala si habari ya maradhi. Lakini mama aionaye aweza kujifunza jambo: nguo ya maana hutengwa, na maji yake hujulikana yaendako. Basi, je, mtoto aliyebatizwa na kuvikwa vazi jeupe si wa maana?

Sasa tuseme kazi yenyewe, hatua kwa hatua.

Kwanza, uwe na chombo cha nepi peke yake, ndoo au beseni kuukuu, kisichotumika kwa vyombo vya kulia wala kwa kuogea. Mavi yakung’utwe chooni, si kichakani wala mtoni. Nepi za kutupa, ambazo siku hizi huuzwa hata katika maduka madogo, nazo zisitupwe mtoni. Walio chini ya mto wanakunywa maji yale yale.

Pili, suuza nepi kwa maji baridi kabla ya maji ya moto. Maji ya moto yakitangulia, doa la mavi au la damu huganda katika uzi, na kulitoa huwa shida. Maji haya ya kwanza yamwagwe chooni.

Tatu, fua kwa sabuni na maji ya moto. Yafaa tujue sabuni yafanyaje kazi, maana mtu ajuaye sababu hafanyi kazi kama kipofu. Uchafu mwingi hushikwa na mafuta, na maji peke yake hayapatani na mafuta. Chembe ya sabuni ina pande mbili: upande mmoja hupenda maji, na upande wa pili hupenda mafuta. Upande wa mafuta huuma uchafu, upande wa maji huvutwa na maji, na unapofikicha, uchafu hung’oka na kwenda zake. Ndiyo maana sabuni bila kufikicha haitoshi, na kufikicha bila sabuni kwachosha bure. Wazee wetu walijua kutumia majivu ya kuni yaliyolowekwa na kuchujwa. Maji yale hukata mafuta kweli, nayo yafaa kwa nguo nzito sabuni ikikosekana. Lakini ni makali, hula ngozi ya mtoto. Basi yasitumiwe kwa nepi.

Nne, nepi za mtoto anayeharisha zichemshwe katika sufuria yake zenyewe, dakika kadha wa kadha. Kisha suuza mara mbili kwa maji safi. Sabuni iliyobaki katika nepi huunguza makalio ya mtoto, na mama hudhani ni ugonjwa.

Tano, nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, kabla hujamgusa mtoto, wala chungu, wala kikombe.

Kisha, anika juani. Jua ni dawa isiyonunuliwa, kwa kuwa mwanga wake na ukavu huua vijidudu vingi. Haifai kuanika nguo majanini au juu ya ua la miti yenye kivuli. Katika nchi nyingi za Afrika yuko nzi ambaye hutaga mayai katika nguo mbichi zilizoanikwa kivulini. Mtoto akivikwa, funza hutoboa ngozi na kufanya jipu. Dawa yake ni kuanika kambani palipo jua, na kupiga pasi ya moto sana pande zote, hasa katika mishono na mikunjo.

Lakini siku za ukungu je? Hapo mama wa Mawengi hana budi kutumia akili. Watu wengi huanika nguo jikoni juu ya moto. Nguo hukauka, lakini mtoto hukaa katika moshi pamoja nazo, na moshi wa kuni humwongezea mtoto mdogo hatari ya homa ya mapafu. Ni afadhali kamba ifungwe barazani, chini ya paa, upepo upite; kisha nguo zimaliziwe kwa pasi. Nyumba yenye umeme itumie pasi ya umeme. Isiyo nao, pasi ya mkaa yatosha, ila mkaa uwashwe nje na pasi itumike penye hewa. Tena nepi zifuliwe kila siku kidogo kidogo, zisingoje Jumamosi. Haba na haba hujaza kibaba.

Yako na mambo ya hatari ambayo hatuwezi kuyaacha. Beseni la maji lisiachwe wazi penye mtoto anayetambaa. Mtoto mdogo aweza kuzama katika maji ya kina cha kiganja, naye hapigi kelele. Sufuria ya maji ya moto isiwekwe chini. Mafuta ya taa, dawa ya kufanya nguo nyeupe, na magadi makali ya kutengenezea sabuni visitiwe kamwe katika chupa ya soda, maana mtoto ajua kazi moja tu ya chupa ile. Akiisha kunywa, msimtapishe. Mpelekeni hospitali upesi pamoja na chupa yenyewe.

Na mtoto akiharisha, msimnyime maji. Aendelee kunyonya na kula. Apewe maji ya dawa ya chumvi na sukari yapatikanayo katika zahanati. Ikiwa hayapo, chukueni lita moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupozwa, mtie vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vya kusawazishwa, mkoroge, mumpe kidogo kidogo. Huku mkifanya hivyo, mpelekeni zahanati. Huko hupewa pia vidonge vya zinki. Mkiona damu, au macho yamedidimia, au mtoto amelegea hata hawezi kunywa, msingoje kuche.

Sasa twataka kusema na akina baba. Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ina uzito wa kilo 20. Tuseme kufua nguo za jamaa kwataka ndoo tano. Mama huchukua kilo 100 kupanda mlima, kabla hajafua hata kitambaa kimoja. Ndipo sabuni na maji visipotosha, na nepi hupata maji meusi ya mwisho. Si uvivu wa mama, ni uchache wa maji. Baba achotaye maji Jumamosi asubuhi, kabla ya kwenda kukaa kwenye ulanzi, amefanya kazi ya uganga. Wabenediktini walioanzisha misheni ya Peramiho mwaka 1898 walikuwa na desturi ya tangu kale ya kusali na kufanya kazi. Na miongoni mwao wako mabradha, wanaume watupu, wanaopika na kufua. Hapana aibu.

Wala kazi isimwangukie binti mkubwa peke yake hata akakosa shule. Mtoto wa miaka 3 aweza kumpa mama vibanio; wa miaka 5 aweza kufua kitambaa chake cha mkono; wa miaka 8, mvulana na msichana sawasawa, afue soksi na nguo zake za ndani. Samaki mkunje angali mbichi.

Neno la mwisho ni juu ya mtoto anayekojoa kitandani. Wako wazazi wampigao, wako wamtangazao mbele ya wenzake, na wako, twasikitika kusema, wamwambiao ya kuwa Mungu amechukizwa naye. Haya ni makosa makubwa. Watoto wengi wa miaka 5, na wengine wa zaidi, hukojoa usingizini bila kujua. Si uvivu wala si dhambi, na wengi huacha wenyewe wanapokua. Mwamsheni aende chooni kabla ya ninyi kulala, tandikeni nailoni chini ya shuka, na asubuhi mfue naye pasipo maneno mengi. Mtoto afundishwaye kumwogopa Mungu kwa sababu ya shuka, atampenda Mungu kwa sababu ya nini?

Basi, wasikilizaji wetu, Jumamosi ijayo tugeuze desturi. Nguo za mtoto zipate maji ya kwanza katika chombo chake, sabuni ya kutosha, na mahali pa jua. Shati jeupe nalo litafuliwa. Na jioni, jamaa wakikusanyika kusali, mama asiwe amechoka hata kusinzia peke yake, kwa kuwa kazi ya siku ile imekuwa ya wote.